Vikaratasi Vitatu Nilivyovichoma

Kosa ni langu. Ninalitamka kwanza ili msomaji asipoteze muda akitafuta mwingine wa kumlaumu. Sikudanganywa, sikulewa, sikulazimishwa na mtu. Nilikuwa mzima wa akili, macho yangu yakiona vizuri, nikamharibia mwanangu njia yake. Kisha nikamtazama usoni mtu asiye na hatia, nikamtwika mzigo wangu.

Na usinihurumie! Huruma yako siihitaji. Nisikilize tu.

Mimi ni mzee wa hapa Kindu, upande wa Mikelenge. Sikukanyaga darasa hata siku moja. Maneno haya anayaandika mjukuu wangu wa kike, mtoto wa huyo huyo mwanangu, ambaye niliachiwa kumlea. Nimemwamuru aandike kila neno kama linavyotoka kinywani mwangu, asilipambe wala asilipunguze. Jina langu halitaandikwa. Mwanangu nitamwita Amisi, na rafiki yake nitamwita Radjabu. Hayo si majina yao.

Kwa miaka mingi nilikuwa mlinzi wa depo ya mizigo kwenye stesheni ya gari moshi. Mizigo midogo ilishushwa kwenye mabehewa ikingoja boti, au ilitoka kwenye boti ikingoja gari moshi, na yote ilipita mikononi mwangu. Kusoma sikujua, isipokuwa tarakimu, ambazo mabehewa yenyewe yalinifundisha. Basi nilikuwa na njia yangu. Kila mzigo niliufunga kamba ya mgomba yenye mafundo, na kamba pacha yake nikampa mwenye mzigo. Aliporudi sikumuuliza jina. Nilipapasa mafundo yake, na mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kijumba cha mzigo wake.

Katika kazi ile aibu ilikuwa moja tu: mizigo miwili kufungwa mafundo ya namna moja. Mwenzangu mmoja alifanya hivyo, na mvuvi wa Lokandu aliyekuja kuchukua nyavu akapewa sanda ya maiti wa watu wengine. Nilimcheka mwenzangu yule mbele ya wachukuzi wote. Nilimcheka mpaka akaacha kazi! Mimi aibu hiyo haikunipata hata mara moja, na nililisema jambo hilo katika kila kikao, mpaka watu wakachoka kunisikia.

Kishike kiburi hicho mkononi unaposoma, maana ndicho kilichoharibu yote.

Amisi alisoma mpaka chuo cha Lubumbashi. Huko alijifunza sataranji, mchezo wa vita unaochezwa juu ya ubao wa nyumba sitini na nne, wenye mfalme na malkia, ngome na farasi na askari. Huko huko alijifunza kuziandikia amri mashini za kuhesabu, zile wanazoziita ordinateri. Akayaunganisha mambo hayo mawili. Alirudi nyumbani na madaftari yaliyojaa amri za kuifundisha mashini kucheza sataranji peke yake.

Mashini yenyewe hakuwa nayo! Ilikuwa Kinshasa. Yeye alikuwa na kalamu na mkeka.

Wageni kutoka ng'ambo walikuwa wanakuja Kinshasa kumchagua kijana mmoja, mmoja tu, wa kwenda kwao kusomea kazi hiyo. Ambaye mashini yake ingecheza vizuri bila kukosea, huyo ndiye angepanda ndege. Hiyo ndiyo nafasi ambayo Amisi aliitamani kuliko chakula.

Siku moja alasiri alikuja akaketi mbele yangu, akasema nami kwa Kiswahili chetu cha Kindu, ambacho "njo" ni "ndiyo" na "gare" ni stesheni.

"Papa, kazi ya mashini yangu njo kazi yako ya gare," alisema. "Mashini inawaza mbele: nikienda huku, mwenzangu ataenda kule. Inapita ubao mingi, mingi sana. Na ubao moja unaweza kurudi kwa njia ingine. Sasa juu ya nini iwaze tena kitu iliisha kuwaza? Inaweka jibu ndani ya kijumba, na alama fupi juu yake. Ubao ule ukirudi, inatazama alama, inachukua jibu."

"Sawa vile mafundo yangu."

"Sawa vile mafundo yako! Lakini niko na woga moja. Alama iko fupi, na ubao iko mingi. Ubao mbili mbalimbali zikipata alama moja, mashini itachukua jibu ya ubao ingine. Itacheza kama kipofu."

Dawa ilikuwepo. Mashini ingeweza, kila inapoikuta alama, kuutazama ubao mzima kwanza na kuhakikisha kwamba ni ule ule. Lakini ukaguzi huo ulikuwa mzito. Ulijaza kumbukumbu ndogo ya mashini, ukaifanya iwaze kwa kujikokota. Kama alama peke yake ingetosha, mashini ingewaza mbali zaidi. Kwa hiyo Amisi alitaka kujua jambo moja tu kabla ya kusafiri: je, alama zake zinagongana au hazigongani?

Kwa kuwa mashini haikuwepo, aliamua kuzijaribu kwa mkono. Alikata mamia ya vikaratasi. Upande mmoja wa kila kikaratasi alichora ubao na watu wake wote, na upande wa pili akaandika alama ya ubao huo, tarakimu nne alizozipata kwa hesabu zake. Fundi seremala akatupigilia rafu ya vijumba mia moja kwa mbao za masanduku. Tarakimu mbili za mwisho zilionyesha kijumba.

Kazi yangu ilikuwa hii. Ninakichukua kikaratasi, ninakipeleka kwenye kijumba chake. Nikikikuta kingine chenye alama ile ile, ninavigeuza vyote viwili na kuzilinganisha picha. Zikiwa ubao mmoja, hakuna neno: ubao umerudi kwa njia nyingine. Zikiwa mbao mbili tofauti, huo ndio mgongano. Hapo ninavitia vyote viwili ndani ya kopo la maziwa, na Amisi atalifungua mwishoni.

Mtoto wa miaka saba angeifanya kazi hiyo. Mimi nilishindwa.

Siku tulipoanza alikuja Radjabu, karani wa bandarini aliyesoma pamoja na Amisi. Alikuja amevaa abakosti yake ya kazini, lile koti lisilo na tai, akaitazama rafu, akanitazama na mimi.

"Amisi, ndugu yangu, bakisha ule ukaguzi ndani ya mashini," alisema. "Ata ikiwa polepole, usiutoe. Na usimupe muzee kazi ya macho. Macho ya muzee inachoka. Atachanganya tu."

"Nani atachanganya?" niliuliza.

"Hapana, papa, nilikuwa nasema tu..."

"Mizigo ya baba yako niliifunga mimi, wewe ukiwa ndani ya tumbo la mama yako! Ulisikia siku gani nilichanganya?"

"Sikusikia, papa."

"Basi funga kinywa chako mbele ya mukubwa."

Alicheka kidogo, kicheko cha mtu asiyetaka ugomvi, akaniita raia kama serikali ilivyotuamuru kuitana. "Haya, citoyen muzee. Kopo itasema."

Kopo itasema! Maneno hayo mawili yaliniingia kama mwiba. Niliapa moyoni kwamba kopo lile halitasema kitu.

Nilifanya kazi alasiri baada ya alasiri. Nilikuwa hodari, sitajinyima sifa hiyo. Mara nyingi nilikuta alama zinazofanana, nikazigeuza, nikazilinganisha nyumba kwa nyumba, nazo zikawa ubao mmoja. Nikafurahi, nikaendelea.

Kisha siku moja nikakuta mbili zisizofanana.

Alama ilikuwa nne, moja, saba, mbili. Hata leo ninaziona tarakimu hizo nikifumba macho. Kwenye kikaratasi kimoja mfalme alikuwa pembeni amezungukwa na askari wake. Kwenye kingine mfalme alikuwa katikati, na mbele yake farasi. Alama moja, mbao mbili!

Jasho lilinitoka. Nikaona mafundo mawili ya namna moja mikononi mwangu. Nikaiona sanda ikitolewa mahali pa nyavu. Nikamsikia Radjabu akisema, "Sikusema mimi?" Nikajiambia kwamba nimechanganya, nimezeeka, nimekitoa kikaratasi mahali nikakirudisha pasipo pake. Jiko lilikuwa karibu, likichemsha chai. Nikakitia kimoja ndani ya moto.

Kikaungua upesi, kama kitu kisicho na maana.

Mara ya pili nilifanya vile vile, bila jasho.

Mara ya tatu ndiyo isiyonipa nafasi ya kujitetea. Siku ile Amisi alinikabidhi vikaratasi viwili kimoja baada ya kingine, kwa mkono wake, wino ukiwa haujakauka vizuri. Alama ile ile kwenye vyote viwili, na picha tofauti. Sikuwa nimechanganya kitu! Hapo nilijua, msomaji, nilijua kwa hakika kwamba kosa halikuwa langu, wala halikuwa aibu ya mtu. Lilikuwa ndilo lile jambo lenyewe alilokuwa akilitafuta. Lakini ningesemaje kuhusu kimoja, nikanyamaza kuhusu viwili vilivyotangulia? Amisi alipokwenda kunawa mikono, nikakichoma.

Kazi ilipokwisha, Amisi alilifungua kopo. Radjabu alikuwepo. Kopo lilikuwa tupu.

"Ata moja, Papa?" Amisi aliuliza.

"Ata moja."

"Kweli?"

"Unaniuliza mara ngapi? Katika maisha yangu mafundo mawili yaligongana siku gani?"

Amisi alinikumbatia. Loo! Mtoto yule alinikumbatia, mtu mzima mwenye ndevu, akacheka kama siku aliyotahiriwa akapewa kanzu mpya. Radjabu peke yake hakucheka.

"Ata moja, ndani ya vikaratasi mingi vile?" alisema. "Amisi, hii haiingie kwa kichwa yangu. Rudia jaribio. Mupe muntu mwingine."

"Toka kwangu!" nilimwambia. "Toka! Wivu umekujaa mpaka machoni. Umeona mwenzako anapanda ndege, wewe unabaki kuhesabu magunia ya bandari."

Alitoka. Amisi hakumfuata. Usiulize kwa nini, maana alikuwa na neno la rafiki upande mmoja na neno la baba upande wa pili. Juma lile lile aliyafuta madaftarini mwake maneno yote ya ukaguzi. Alama peke yake ikatosha.

Hata hivyo Radjabu ndiye aliyemsindikiza Kinshasa. Mimi nilimtukana rafiki huyo, naye akambebea mwanangu sanduku.

Alirudi peke yake. Nilikuwa bandarini boti kutoka Ubundu ilipofika, nimevaa kanzu yangu ya Idi, nikitafuta kichwa cha Amisi kati ya vichwa. Niliona cha Radjabu tu. Alinisimulia pale pale, kati ya wachukuzi na vikapu vya samaki.

Mashini ilicheza vizuri mbele ya wageni. Ilimbana mchezaji wao mpaka wageni wakaanza kuangaliana na kutikisa vichwa kwa kusifu. Mmoja alikuwa amekwisha kumuuliza Amisi kama anavumilia baridi. Kisha mashini ikatoa amri farasi wake aende upande wa kulia. Na farasi hakuwepo! Nyumba ile ilikuwa tupu. Ilikuwa imekuta alama, ikachukua jibu la ubao mwingine.

"Mukubwa mmoja akasema," Radjabu alinieleza, "'Citoyen, farasi yako iko wapi? Bado inatoka Kindu kwa miguu?' Wote wakacheka, papa. Ata wale hawakuelewa mchezo, walicheka."

Nafasi ilipewa mwingine.

Radjabu aliuweka mzigo wake chini. Hakupaza sauti.

"Papa, niko nauliza moja tu. Ulikuta alama moja na ubao mbili? Ukikubali, nitarudi Kinshasa, nitawaambia wale wageni kosa iko ndogo, ukaguzi ulitolewa tu. Wako bado pale wiki mbili. Watamupa siku ingine."

Msomaji, soma maneno hayo tena. Mlango ulikuwa bado wazi! Kulikuwa na wiki mbili, na mtu tayari kugeuza na kupanda boti ile ile. Neno moja kutoka kinywani mwangu lingetosha.

Wachukuzi walikuwa wanasikiliza. Wengine walikuwa vijana siku ile nilipomcheka mwenzangu wa sanda. Nikawatazama.

"Sikukuta kitu," nilisema. "Wewe njo ulimuroga mwanangu. Tangu mwanzo ulisema itaanguka, na imeanguka. Watu wote wamesikia!"

Uongo wa kwanza niliufanya kwa kuogopa aibu. Huu wa pili niliufanya kwa chuki, nao niliupenda. Niliurudia msikitini, niliurudia sokoni, niliurudia hata siku za salongo, ile kazi ya lazima ya umma, watu wakifyeka majani ya barabara na mimi nikiwa nimekaa kando kwa sababu ya uzee, kinywa changu tu ndicho kikifanya kazi. Watu walianza kuacha kumjibu Radjabu salamu. Wazazi wa mchumba wake wakavunja uchumba. Mwishowe alihama Mikelenge, akaenda kuishi Lokandu, ambako nasikia ananunua samaki na kuwauza. Kalamu hashiki tena.

Amisi naye alibaki Kinshasa. Anatengeneza redio za watu. Sataranji hachezi, na madaftari yake aliyatoa yafungiwe karanga. Barua yake ya kwanza nilisomewa na jirani, nami niliikariri: "Papa, usisikitike. Kazi yako ilikuwa safi. Kosa iko ndani ya hesabu yangu, na nimeitafuta mpaka nimechoka, siioni. Nitarudi siku nitapata uso wa kukuangalia."

Ole wangu! Mwanangu anaona haya kunitazama mimi! Miaka inapita, mtoto wake amekua bila yeye, na kinachomzuia kurudi nyumbani ni heshima aliyo nayo kwa kazi yangu safi.

Nilipofika hapa, kalamu ya mjukuu wangu ilisimama.

"Andika," nilimwambia.

"Babu, Papa hajue?"

"Hajui. Andika."

"Kila mwaka tunamungojea kwa Idi. Kila mwaka unasema kazi njo inamuzuia."

"Nilisema hivyo. Andika na hilo."

Aliandika. Hakunitazama tena, nami sikumwomba anitazame.

Sasa ninyi mnaonisoma, nina neno nanyi, na sitalifunika kwa maneno matamu. Ukipewa kazi ya kutafuta kosa, basi litafute. Ukilipata, litoe! Hukuwekwa pale ili usifiwe kwamba hukuliona. Mwenzako anajenga juu ya neno lako, ataliamini na kuondoa nguzo zake nyingine zote kwa sababu wewe umesema msingi uko imara. Na wewe mzee mwenzangu, unayedhani kwamba ndevu nyeupe zinakupa haki ya kutoulizwa mara ya pili, wewe ndiye mbaya kuliko wote. Mwache kijana akukague. Asiyetaka kukaguliwa anaficha kitu. Mimi nilificha.

Kwa Radjabu nitakwenda mwenyewe kwa mtumbwi, Ijumaa hii, baada ya kuyatamka haya kwa sauti mbele ya watu wa msikiti ule ule. Akinifukuza mlangoni kwake, atakuwa na haki.

Maneno yanayofuata nimeyaongeza leo asubuhi. Nilimwambia mjukuu wangu aiandike barua hii mara mbili, mstari kwa mstari, moja ije kwenu gazetini na nyingine iende kwa baba yake Kinshasa. Alinipa zote mbili zimekunjwa, akaniambia ziko sawa. Mwanzo ulifanana. Mwisho ulifanana. Hata hivyo nikazitandaza zote juu ya mkeka, nikaweka kidole cha kulia juu ya moja na cha kushoto juu ya nyingine, nikashuka navyo pamoja, umbo kwa umbo, mimi nisiyejua kusoma.

Katikati ya ile ya baba yake, kidole changu kilifika mahali ambapo mistari ilipungua.

"Hapa imeandikwa nini?" nikamuuliza, nikigusa ile yenu.

Alilia kwanza. Kisha akasoma: "Hapo njo jiko, Babu. Hapo njo ile mara ya tatu. Nilifikiri Papa akijua ulivichoma, hatarudi kabisa."

Nikazisogeza karatasi mbili mbele yake, zikakaa ubavu kwa ubavu, na nikalisema neno ambalo nilipaswa kulisema miaka ile yote, kando ya rafu ya vijumba mia moja.

"Hizi mbili hazifanane. Andika upya."